Mmemfunga Mdomo Shahidi

Ninyi mnaofunga mlango wa ofisi ya wodi ili kelele za mgonjwa zisiwakere, sikilizeni. Nanyi mnaomwambia ndugu yenu ajikaze kwa sababu watu wanamwangalia, sogeeni, maneno haya yana fungu lenu.

Nimefunga hogo miaka 31. Nimeloweka bandeji za plasta kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu mpaka kucha zikageuka rangi, na miguu iliyopita mikononi mwangu siwezi kuihesabu. Kwa hiyo sisemi kama mpita njia aliyechungulia wodi dirishani. Nilikuwa ndani, na fimbo hii inaanzia mgongoni kwangu.

Alikuwa kijana wa bodaboda. Gari dogo lilimkatia njia jioni, muundi ukavunjika, na saa mbili usiku alikuwa mezani kwangu. Nikamfunga kuanzia juu ya goti mpaka kwenye vidole, duara zima, pamba chini, plasta juu, safi. Nilipomaliza nikaligonga hogo konzi likaitika "ko", nikaona nimefanya kazi ya mtu mzima. Hospitali siitaji, mji siutaji. Kosa lilikuwa na mikono mingi, na miwili ilikuwa yangu.

Saa sita akaanza kusema linabana. Saa saba alikuwa anapiga kelele. Wa vitanda vya jirani wakageukia ukutani wakajifunika shuka kichwani, mmoja akaguna kwamba vijana wa siku hizi wanadeka. Muuguzi wa zamu akamwambia, "Mfupa umevunjika, ulitegemea ukubembeleze?" akamchoma sindano ya diklo. Saa nane akamchoma pethidini. Kisha, kwa kuwa alikuwa na utu, akaniita. Nikaenda na usingizi machoni. Nikapapasa vidole, vina joto. Nikabonyeza ukucha, ukawa mweupe, nikauachia, ukarudi mwekundu. Nikatoa hukumu papo hapo: "Damu inafika. Jikaze, wewe ni mwanamume."

Na hata kama moyo ungenigusa nikataka kulipasua lile hogo, msumeno ulikuwa kabatini, na ufunguo wa kabati ulikuwa mfukoni mwa mtu aliyelala kwake ng'ambo ya mji.

Alfajiri akanyamaza. Wodi nzima ikamshukuru Mungu.

Saa tatu asubuhi, kwenye raundi, daktari alishika kidole gumba cha mguu ule akakivuta chini taratibu, huku anamtazama kijana usoni. Kijana hakukunja hata kipaji. Akasema, "Usiku uliniuma sana, dokta, lakini sasa umepoa. Nawashukuru." Daktari hakumjibu. Alitutazama sisi, mmoja mmoja. Hogo lilipokatwa na ngozi ikapasuliwa kwenye chumba cha upasuaji, nyama ya mbele ya muundi ilikuwa na rangi ya samaki aliyechemshwa. Ukiibana kwa koleo haishtuki. Ukiikata haitoi damu. Kumbe tulimshukuru Mungu kwa msiba.

Madaktari wanauita ugonjwa huu kompatimenti sindromu, na wodini tunafupisha tu, "mguu umefanya kompatimenti". Jina ni gumu, jambo lenyewe si gumu. Misuli ya chini ya goti imepangwa katika vyumba vinne, na kila chumba kimezungukwa na ala, utando mweupe mkavu usiotanuka, kama ala ya kisu isivyotanuka kwa ajili ya panga. Kigasha cha mkono kina vyumba vitatu. Mfupa ukivunjika, au nyama ikipondwa, damu na maji hujaa humo ndani. Chukua maharage makavu, yajaze kwenye chupa ya kioo, mimina maji, kaza kifuniko, nenda kalale. Maharage yatavimba kwa sababu ndiyo tabia yake, na chupa haitatanuka kwa sababu ndiyo tabia yake. Presha ndani ya vyumba hivi kwa mtu mzima aliyetulia haizidi milimita 10 hivi za zebaki. Ikipanda ikaikaribia presha ya chini ya mgonjwa, vile vishipa vidogo kabisa vinavyoilisha nyama vinafungwa, kama mpira wa maji uliokanyagwa. Nyama inaanza kufa kwa njaa huku damu inapita mlangoni.

Inapita mlangoni, narudia, maana hapo ndipo tunapodanganyika kila siku. Mshipa mkubwa unaosukuma damu kwa presha ya 120 haujali chumba chenye presha ya 50. Unapita kama lori la mahindi linalokatiza kijiji chenye njaa bila kusimama. Linafika mwisho wa barabara, yaani unyayoni, mshipa unapiga, kidole kinapata joto. Nasi tunaweka vidole viwili juu ya unyayo, tunasikia mapigo, tunaandika kwenye faili: mguu salama. Ole wake mkono unaoandika hivyo! Mapigo ni shahidi wa uongo, na sisi tumemkalisha kiti cha mbele miaka yote.

Kila aliyesoma uuguzi au udaktari alikaririshwa zile dalili: maumivu, ngozi kupauka, ganzi, kupooza, kukosa mapigo. Akazikariri kana kwamba zina uzito sawa. Ya kwanza ni mtu anayebisha hodi. Mbili za mwisho ni watu wanaokuja matangani.

Najua kuna wanaojitetea: mimi naubonyeza mguu kwa mkono wangu, ulio mgumu naujua. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti ambamo madaktari walipewa miguu ya maiti iliyopandishwa presha chumba kimoja kimoja kwa makusudi, wakaambiwa waguse na waseme. Palipokuwa na presha kubwa, waliigundua kwa asilimia 24 tu. Hao ni watu waliosomea mifupa, mchana, bila zamu ya wagonjwa 40 inayowasubiri. Sembuse mimi na usingizi wangu wa saa nane.

Kuna hesabu nyingine inayonitesa zaidi. Mwaka 2002 mtafiti Ulmer alikusanya tafiti zilizokuwapo akapima dalili hizi zina nguvu kiasi gani. Maumivu yakiwa peke yake, uwezekano wa kompatimenti ni kama robo. Yakiwa pamoja na uchungu mkali wa kuvutwa kidole, unafika asilimia 68. Ukiongeza kupooza, asilimia 93. Isome polepole hesabu hiyo, ewe unayesema "tusikurupuke, tuangalie kwanza". Uhakika unakuja mkono kwa mkono na kupooza, na kupooza maana yake nyama na neva zimeshaanza kwenda. Anayengoja mpaka awe na hakika anangoja jeneza lifike ndipo asadiki kwamba kulikuwa na mgonjwa.

Na saa hazingoji. Misuli isiyopata damu huvumilia saa nne hivi. Ikifika ya nane, iliyokufa hairudi. Mwaka 1976 watafiti Sheridan na Matsen walionyesha kwamba waliopasuliwa ala kabla ya saa 12 kupita, asilimia 68 walibaki na kiungo kinachofanya kazi kama kawaida. Waliocheleweshwa kupita hapo, asilimia 8. Kijana wangu alianza kulia saa sita usiku. Raundi ilikuwa saa tatu asubuhi. Hesabuni wenyewe, kisha mwongeze muda wa kutafuta saini, muda wa kutafuta damu, na muda wa kungoja jenereta iwake.

Kilichotuziba masikio ni nini? Si ukosefu wa vifaa, msikimbilie huko, huko nitafika. Ni malezi. Tumelelewa kuona kilio ni aibu. Jandoni mvulana aliambiwa akilia ameuaibisha ukoo. Nyumbani akianguka anaambiwa "inuka, hujaumia", na anayemwambia hakumwona alivyoanguka. Mtaani tuna msemo wa kuchekeshana, jikaze kisabuni. Haya, tumeubeba msemo huo mpaka wodini. Mwanamume anayelia ni dhaifu, mwanamke anayelia ana makelele, mtoto anayelia amezoeshwa vibaya, mlevi anayelia ni pombe. Nitajie ni nani anayeruhusiwa kulia akasikilizwa. Mgonjwa anayesifiwa kwenye ripoti ya asubuhi ni yule "aliyelala vizuri". Nimewahi kusikia ripoti za zamu mamia kwa mamia, na sikumbuki hata moja iliyosema: kitanda fulani amelia usiku kucha, na sisi tumeogopa.

Tuogope! Mtu aliyevunjika mfupa, ukishaunyoosha na kuufunga vizuri na kumpa dawa, maumivu yake yanapaswa kushuka. Yakipanda badala ya kushuka, kuna neno. Dawa ile ile iliyomtuliza saa mbili ikishindwa saa sita, kuna neno. Maumivu ni shahidi aliyekuwapo ndani ya chumba ambacho wewe na mimi hatuwezi kuingia, na amekuja mwenyewe kutoa ushahidi bila kuitwa. Sisi tunafanya nini? Tunamchoma sindano, anasinzia, tunashukuru.

Msinielewe vibaya. Sisemi mgonjwa anyimwe dawa ya maumivu. Anayesema hivyo ameleta ukatili mwingine. Mpe dawa, kisha andika. Andika saa, andika kiasi, na ukijikuta unaandika mara ya tatu kabla ya muda wake, weka kalamu chini uende ukaufunue mguu. Mwaka 2001 madaktari wa watoto huko Boston walipitia mafaili ya watoto waliopata kompatimenti, wakakuta kwamba hitaji la dawa za maumivu lilikuwa limeanza kupanda wastani wa saa 7.3 kabla hali ya damu ya kiungo haijabadilika. Saa saba! Karibu safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Habari ilikuwa imeandikwa kwenye chati, kwa mwandiko wa wauguzi wenyewe, na chati ilikuwa inaning'inia miguuni pa kitanda.

Msimu wa maembe ukija, nendeni wodi ya watoto mkaone. Mtoto kaanguka mwembeni, mfupa umevunjika juu kidogo ya kiwiko, mkono umefungwa. Hajui kusema "ganzi". Hajui kusema "inazidi". Anajua kuhangaika tu: anakataa uji, anakataa kulala, anamsukuma hata mama yake. Mama amechuchumaa kando ya kitanda kwa saa nyingi, anasema, "Huyu mwanangu halii hivi, sista. Mimi namjua." Nimeona mama wa namna hiyo akiambiwa aende nje akapumzike. Hilo neno lake lilikuwa kipimo, tena kipimo kisichotoboa ngozi wala kutumia umeme, nasi tukamtoa nje pamoja na kapu lake la chai.

Na msikimbilie kumcheka mganga wa mifupa wa kijijini na mabanzi yake ya mianzi. Ndiyo, nimeona mikono iliyofungwa mianzi ikafika kwetu imekuwa myeusi, nikalaani. Ole wake yeye anayekaza kamba kesho yake kwa sababu mkono umevimba, akidhani uvimbe unabanwa ukaisha. Lakini mwaka 1881, huko Halle, Ujerumani, daktari mpasuaji Richard von Volkmann aliandika juu ya mikono iliyokauka ikajikunja kama kucha za mwewe, akataja bandeji zilizokazwa kupita kiasi. Bandeji, si mianzi. Hogo langu lile la duara zima, juu ya mguu uliokuwa bado unavimba, lilikuwa na tofauti gani na mianzi? Lilikuwa jeupe tu. Na pamba ya ndani ikilowa damu ikakauka inakuwa ngumu kama ubao, kwa hiyo wewe unayepasua plasta ukaiacha pamba hujafungua kitu. Pasua mpaka uione ngozi.

Hapo hapo, neno dogo kwa wale wanaourundikia mito mguu wa namna hii mpaka unatazama dari. Uvimbe wa kawaida unainuliwa. Mguu ambao damu tayari inashindwa kuingia, ukiuinua juu ya moyo unaipandisha damu mlima. Ulaze sawa na kifua, basi.

Sasa vifaa. Nilisema nitafika.

Tangu 1975 mtafiti Whitesides na wenzake walieleza namna ya kupima presha ya ndani ya ala kwa sindano, bomba la sindano, mrija, koki ya njia tatu, maji ya chumvi na mashine ya presha ya zebaki. Vitu vya kawaida vya wodi, vyote. Unachoma sindano kwenye kigimbi, unasukuma taratibu, unatazama maji kwenye mrija yanapoanza kusogea, unasoma zebaki imesimama wapi. Mwaka 1996 madaktari McQueen na Court-Brown wa Edinburgh wakatupa kanuni nyepesi: chukua presha ya chini ya mgonjwa, toa presha ya chumba cha mguu, na ikibaki pungufu ya 30, chumba hicho kinahitaji kisu. Kutoa tu. Hesabu ya darasa la pili. Katika miaka yangu yote nimeiona sindano hiyo ikichomwa mara chache kiasi kwamba naweza kuzihesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vingine vikabaki. Msiniambie vilikosekana vifaa.

Hata hivyo siiabudu sindano. Inauma kwenye mguu ambao tayari unauma. Inaweza kuwa imesimama mahali pasipo pake. Mwaka 2014 walipimwa watu 48 waliovunjika muundi na ambao hawakuwa na kompatimenti kabisa. Kwa kipimo cha mara moja, asilimia 35 walionekana kama wanayo. Ukifuata sindano hiyo peke yake unawapasua watu wazima miguu bure, na kupasua ala si kutumbua jipu: ni vidonda viwili virefu vinavyoachwa wazi siku kadhaa, na mara nyingi huishia kuazima ngozi ya paja. Ndiyo maana watu wenye akili wanahangaika kutafuta kipimo kisichochoma. Kuna wanaotumia mwanga wa infraredi, unaopenya ngozi ukaingia sentimita mbili tatu na kusoma rangi ya himoglobini: je, nyama ina oksijeni au haina? Mguu uliovunjika kwa kawaida unakuwa na damu nyingi yenye oksijeni kuliko mwenzake mzima; ukikuta umeshuka chini ya mwenzake, shtuka. Kuna wanaotumia ultrasaundi, wanapima ala inavyotikisika kwa kila pigo la moyo, mtikisiko mdogo usioonekana kwa jicho, kwa ufundi uliotokana na maabara za shirika la anga la Marekani, NASA. Wengine wanabonyeza ngozi kwa kipimo hicho hicho na kutazama chumba kinabonyea kiasi gani. Hadi leo hakuna hata kimoja kilichokubalika kuchukua nafasi ya sindano. Mwanga haufiki chumba cha nyuma cha ndani kabisa, na damu iliyovilia chini ya ngozi inauchanganya.

Tunavihitaji. Mimi niliyesema mengi juu ya kilio nasema tunavihitaji, kwa sababu kuna wasioweza kulia. Aliyeumia kichwa na hajitambui. Aliyechomwa sindano ya mgongo, nusu yake ya chini haipo kwake. Mtoto mchanga. Huyo shahidi wake yuko ndani amefungwa mdomo na hali yake, si na sisi, na kifaa kingemsemea.

Lakini nawageukia ninyi mnaovitengeneza, huko mliko. Mwanga unapita kwenye ngozi kwanza, na ngozi ina melanini, na melanini inakula mwanga. Si habari ngeni. Kile kibanio cha kidoleni cha kupimia oksijeni mmekiuza dunia nzima kwa miaka mingi, na mwaka 2020 ndipo watafiti wa Michigan wakatangaza kwamba kilikuwa kinawapitisha wagonjwa weusi kama wazima, huku damu yao ikiwa na oksijeni ndogo, zaidi ya mara tatu kuliko wagonjwa weupe: asilimia 11.7 kwa 3.6. Watu walirudishwa nyumbani na kibanio hicho. Mkituletea taa ya kupimia miguu, swali letu la kwanza lisiwe bei. Iliangaziwa ngozi ya nani?

Wala msitabasamu, wenzangu wa huku. Miundi iliyovunjika tunayo sisi. Bodaboda zinatuletea kila usiku, vitanda vimejaa mpaka sakafuni, ngozi nyeusi za kila daraja. Kama kuna mahali duniani pa kujua taa hiyo inasema kweli au inadanganya, ni wodini kwetu, na sisi tumekaa tunangoja tuletewe kwenye boksi. Likija boksi, kiongozi atakata utepe, tutapiga picha. Baada ya miezi sita stika zake zitakuwa zimekwisha, mashine itavikwa kitambaa cha maua na kuwekwa juu ya friji ya chanjo. Nimeiona friji hiyo, nimekiona na kitambaa.

Na hata ikifanya kazi, naogopa. Mashine ya namna hiyo ikiona hatari italia. Nani atakwenda? Sisi tuliomnyamazisha mtu mwenye ulimi, mwenye mama, mwenye jina kwenye faili, tutashindwa nini kuinyamazisha mashine? Yenyewe ina kitufe.

Kijana wangu yu hai. Bodaboda aliiacha, anauza vocha na maji ya baridi karibu na stendi. Unyayo ule hauinuki. Akitembea anapandisha goti juu kama mtu anayevuka maji, na kandambili ameifungia kamba kisiginoni isidondoke. Mwaka jana nilipita pale nikajifanya simwoni. Akaniita. "Shikamoo mzee." Nikaitikia. Akanikaribisha kwenye benchi, akanipa maji, akakataa hela. Tulizungumza habari za mvua. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei ya kitu ambacho hana mpango wa kukinunua: "Hivi mzee, usiku ule ningelia zaidi ingesaidia?"

Sikuwa na jibu. Nilinyanyuka nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kile chumba nilichofanyia kazi. Wamepaka rangi mpya, wana ndoo za plastiki. Kijana wa zamu alinipokea kwa heshima, akaniambia nikae, akanionyesha msumeno mpya kupitia kioo cha kabati. Nikamwuliza ufunguo unalala wapi siku hizi.

"Upo kwa bosi, mzee. Akija asubuhi anafungua."